Rangi ya Macho ya Bibi

Chuo nilichosoma kilikuwa kidogo, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, na idara yetu ya sanaa ilikuwa ndogo kuliko zote. Tulipewa karakana ya zamani ya useremala, jengo refu la bati ambalo mchana lilikuwa linawaka kama tanuri la mkate. Wenzetu wa ualimu na biashara walikuwa wanajaza ukumbi mzima. Sisi wa shahada ya uchoraji na ufinyanzi tulitosha kwenye mabenchi mawili. Ukimwambia mtu mjini kwamba unasomea kuchora, alikuwa anakuuliza kwa upole ukimaliza utafanya nini. Wengine walidhani nitaandika mabango ya maduka. Sikuwabishia, maana hata mimi sikuwa na jibu.

Mtu ambaye hakuwahi kuniuliza swali hilo ni bibi yangu, mama yake baba. Baba alifariki nikiwa mdogo, mama akaolewa kwingine, nami nikabaki kwa bibi kijijini, kwenye mbuga za Shinyanga ambako miti imekwisha na macho yanakwenda mbali bila kukutana na kitu. Nyumba ya baba mdogo ilikuwa hapo hapo, ng'ambo ya zizi. Nilianza kuchora kwa kipande cha mkaa kwenye ukuta wa jiko la bibi kabla sijaanza shule. Mtu mwingine angenichapa. Yeye alikuwa anasimama na sufuria mkononi, anaangalia, kisha ananiambia ng'ombe wangu ana miguu mifupi, hatafika mnadani. Nilipopata nafasi ya chuo, ndugu walikaa wakashauriana kama si afadhali nisubiri mwaka mmoja niombe uuguzi. Bibi akasema mtoto apelekwe anakotaka kwenda. Maneno yakaishia hapo.

Mwalimu wetu wa uchoraji alikuwa mtu mzima aliyetoka mikoa ya kusini, mpole wa sauti lakini mgumu kwenye kazi. Mwaka wa kwanza wote hakuturuhusu kugusa rangi. Tulichora kwa mkaa tuliojitengenezea wenyewe, kwa kuchoma vijiti ndani ya kopo la maziwa lililofunikwa vizuri. Tulichora chungu, kiatu, kitunguu, mkono wa mwenzako. Ukichora jicho lenye umbo la samaki, namna watoto wote wanavyochora, alikuwa anakuja nyuma yako taratibu na kusema, "Hilo ni jicho unalolijua. Mimi nataka hili unaloliona." Kisha anafuta mchoro wako kwa kiganja, unaanza upya.

Kwanza nilimchukia, halafu nikamzoea, halafu nikaanza kupenda. Mwaka wa pili nilikuwa napita sokoni naona ubluu kwenye vivuli vya magunia, naona kijani kidogo chini ya shingo ya muuza vitumbua. Nilikuwa nasimama katikati ya njia hadi watu wananisukuma. Rangi za mafuta zilikuwa adimu, na kitambaa cha kuchorea tulikitengeneza wenyewe: marekani nyeupe kutoka dukani, tukaiwamba kwenye fremu ya mbao, tukaipaka gundi ya seremala na rangi ya ukutani juu yake. Mikono yetu ilinuka tapentaini hadi kwenye ugali. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na naisema hapa mwanzoni kwa sababu yaliyofuata yalitoka humo humo kwenye furaha.

Mwaka wa mwisho kila mmoja wetu alitakiwa kuandaa kazi kubwa moja ya kuonyeshwa kwa wageni. Wenzangu walichagua soko, machimbo, harusi. Mimi nikaamua kumchora bibi, uso tu, mkubwa kuliko meza ya kulia chakula. Mwalimu akakubali, ila akaniambia nisichore kutoka kwenye picha ya simu. Niende nikakae naye.

Nikaenda wakati wa likizo ndefu, pamba ikiwa imekwisha kuvunwa na upepo wa mbugani ukiwa umeanza kubeba vumbi. Kila asubuhi, baada ya kula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na chai, bibi alikuwa anatoa kigoda chake na kukaa mbele ya jiko, amejifunga kitenge chake cha kanisani ingawa nilimwambia kitenge hakitaonekana. Watoto wa majirani walikuwa wanakuja kutazama. Wanawake waliokuwa wanapita kwenda kisimani walisimama wakamtania, wakamwambia amekuwa bibi harusi tena. Aliwajibu kwa Kisukuma maneno ambayo siwezi kuyaandika, wakaondoka wanacheka.

Macho ya bibi yalikuwa mekundu. Kwenye mbuga zetu kuni hakuna, watu wanapikia mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa na miti ya pamba, na moshi wake ni mkali. Mwanamke aliyepikia kwenye moshi huo miaka yote ya maisha yake anazeeka na macho mekundu, hilo mtu yeyote anaweza kulielewa. Lakini kwetu kuna watu wanaoyaelewa macho hayo vingine. Mwanamke mzee mwenye macho mekundu, watu wananong'ona kuwa ni mchawi. Wapo waliouawa kwa sababu hiyo. Nililijua jambo hili tangu utotoni kama ninavyojua njia ya kisimani. Nililijua, ila nilikuwa nimeliweka kwenye fungu la mambo ya zamani, mambo yanayosemwa redioni ili watu wayaache.

Siku niliyofungua rangi, bibi aliniuliza, "Utanichora na macho haya haya?"

Nikamwambia ndiyo, mwalimu anataka kitu kiwe kama kilivyo.

"Huwezi kuniwekea yale niliyokuwa nayo nilipokuwa nakulea?"

Nikacheka. Nikamwambia yale siyakumbuki, na kwamba haya ndiyo mazuri, yana mambo mengi ndani yake. Akavuta kitenge chake mabegani.

"Haya," alisema. "Chora kama ulivyofundishwa."

Nikachora. Nilichanganya nyekundu na kahawia kidogo, nikaweka njano kwenye kona, nikafuata vile vimishipa vidogo kimoja kimoja kama mtu anayefuata njia za panya kwenye majani. Nilimwambia ageukie mwanga. Nilimwambia asipepese. Nilikuwa karibu naye kiasi kwamba nilisikia pumzi yake, na wakati wote huo sikumfikiria yeye, nilifikiria rangi. Mwishoni nilipomwonyesha, alisimama mbele ya kile kitambaa muda mrefu. Akagusa kidevu kwa kidole, akaangalia kama rangi imemshika. Akasema, "Huyu ni mama yangu." Sikujua kama amefurahi au amehuzunika. Akaingia ndani akaniletea maziwa ya mgando.

Siku ya maonyesho wageni walikusanyika ukumbini, na watu wengi walisimama mbele ya picha ya bibi kuliko mahali pengine. Mwalimu, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, alikuja akasimama pembeni yangu na kuniambia kwamba macho yale ameyaamini. Nilipata alama za juu kuliko wote. Jioni ile nilipiga picha kwa simu, uso wote, kisha macho peke yake kwa karibu, nikaziweka zote mbili kwenye kundi la ukoo. Niliandika "Bibi yetu" na alama ya moyo. Hakuna aliyenituma. Nilitaka ndugu waliosema niombe uuguzi waone.

Walinipongeza sana. Binamu mmoja aliyekuwa kijijini akaituma kwenye kundi la vijana wa kijiji, naye pia kwa sifa, kwa sababu ni bibi yake. Kutoka hapo sijui ilipita mikono mingapi.

Mvua zilipokolea, homa ilizunguka kijijini. Kwenye nyumba ya jirani yetu wa karibu, mtoto wa kike ambaye hata shule alikuwa hajaanza aliugua siku chache na kufariki. Alikuwa mmoja wa wale waliokuja kututazama tukichora. Bibi alikwenda msibani, akalala kwenye mkeka na wanawake wengine hadi matanga yakaisha. Alirudi akiwa amekonda. Ilikuwa baada ya hapo ndipo ile picha ya simu ilipoanza kutazamwa kwa namna nyingine.

Nilipata habari kwa baba mdogo. Alinipigia nikiwa karakana, nikamsikia anatafuta pa kuanzia. Akaniambia bibi hajambo, ng'ombe hawajambo, mvua ipo. Kisha akaniambia kwamba wanawake kisimani wanamwachia bibi nafasi kubwa mno. Kwamba jumuiya ya sala ilikuwa na zamu ya kusali nyumbani kwake, na watu wakasema kuna matope, wakasalia kwingine. Kwamba mawe yamerushwa juu ya bati lake. Nikamuuliza kwa nini. Akasema vijana wanaivuta ile picha kwa vidole hadi macho yanajaa kioo chote cha simu.

"Wanasema hata mjukuu wake, msomi, ameliona," alisema baba mdogo. "Wanasema kama si hivyo, kwa nini umechora macho peke yake?"

Nilikaa chini kwenye sakafu ya karakana. Wenzangu walidhani nimefiwa.

Nikasafiri kesho yake. Nilimkuta bibi jikoni, anapika nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, kwa karanga, moshi umejaa kama kawaida. Nikamwamkia, shikamoo, akaitikia marahaba na kuniuliza kama nimekula njiani. Hakutaja chochote. Nyumba ilikuwa imefagiwa, kuku wametoka, na kama mtu asingekuambia usingejua kuna jambo. Ila hakukuwa na mtoto hata mmoja uani, na siku zote uani kwake kulikuwa na watoto.

Mimi ndiye niliyeomba kikao. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi, ambaye pia ni mtu wa kanisani na aliwahi kusoma darasa moja na baba yangu. Wakaniitia watu. Nilisimama mbele yao nikaeleza habari ya moshi. Nikaeleza rangi niliyoichanganya, na jinsi mwalimu anavyotufundisha kuchora kila kilichopo bila kuficha. Nikawaambia waangalie macho ya mama zao wenyewe jioni wakiwa wanapika. Nikasema picha zile mbili nimezituma mimi, kwa majivuno, na kama kuna mwenye kosa ni mimi. Niliongea Kiswahili, kisha nikarudia kwa Kisukuma changu kilichochakaa kwa kukaa mjini. Watu walinisikiliza vizuri. Mama wa yule mtoto aliyefariki alikuwa amekaa mbele, ameinamisha kichwa, na sikuweza kumtazama. Hakuna aliyebisha. Mwenyekiti akanishukuru, akasema vijana waache kuchezea simu, na kikao kikafungwa kwa sala.

Nilirudi nyumbani nikidhani nimefanya kitu. Baba mdogo alitembea pembeni yangu hadi tulipofika zizini.

"Wamekusikiliza kwa sababu umesoma," aliniambia. "Kamanda amenivuta kando. Anasema yeye hana neno na mama, lakini hawezi kulinda mlango wake kila siku. Anasema tumpeleke mahali, mapema."

Nilitaka kubisha. Nilitaka kusema twende polisi, na tulikwenda, wakaandika maelezo na kusema tutoe taarifa likitokea jambo. Baba mdogo akaniuliza kama niko tayari kusubiri litokee.

Shangazi yangu, binti wa pekee wa bibi, anaishi Nyarugusu, kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo huko Geita. Anauza chakula karibu na makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Aliposikia hakuuliza maswali, alisema aletwe. Kwa hiyo bibi, ambaye aliletwa kwenye nyumba ile akiwa mwali na akazikia pale mume na wana wawili, alifunga vitu vyake kwenye begi langu la chuo. Alichukua nguo, rozari na kigoda. Vyungu alimwachia mke wa baba mdogo. Nilibeba begi, yeye akatangulia, na tulipopita mbele ya nyumba ya yule jirani alisimama na kubisha hodi kama ilivyo desturi ya kuaga. Mama wa yule mtoto alitoka. Wakaamkiana kwa Kisukuma, wakaulizana habari za nyumbani. Bibi akamwambia anakwenda kumsalimia binti yake. Yule mama akasema, "Safari njema, mayu," yaani mama, na hakuuliza atarudi lini. Kwetu mtu akiaga anaulizwa atarudi lini.

Nyarugusu haikumfaa bibi, na haikumtupa. Kelele za makarasha hazikomi, vumbi linaingia hadi kwenye chumvi, na chumba cha shangazi ni kimoja na pazia katikati. Lakini hapo kila mtu ni mgeni. Wachimbaji wanatoka shimoni wamepakaa udongo hadi kwenye kope, macho mekundu kwa vumbi na kukosa usingizi. Wiki ya kwanza bibi alikaa kwenye benchi la wateja akawatazama, halafu akamwambia shangazi, bila kucheka, "Huku wachawi ni wengi." Shangazi alinisimulia kwa simu akiwa hoi kwa kicheko. Mimi nilishindwa kucheka.

Shangazi anapikia mkaa wa miti, na jiko lake liko nje penye upepo. Zahanati ya pale ilimpa bibi dawa ya kupaka. Nilipokwenda kumwona baada ya miezi kadhaa, alinigeukia kunikaribisha nikaona macho yake yamekuwa meupe. Si meupe ya kijana, lakini ule wekundu umepungua, na ile njano kwenye kona, niliyoitafuta kwa siku mbili nzima kwenye rangi zangu, haipo tena. Nilijikuta nimeweka begi chini na kusimama tu. Ilikuwa kazi ndogo sana, jiko la mkaa na mrija wa dawa, na katika siku zote zile nilizokaa mbele yake nikiyatazama macho hayo kuliko mtu yeyote alivyowahi kuyatazama, sikuwaza hata mara moja kwamba yanamuuma.

Kwa mwalimu nilikwenda kabla ya mahafali kumwomba aishushe picha ukumbini. Nilimweleza yote. Hakuwa mtu wa huku, alikuwa hajui, na nilimwona akitafuta mahali pa kuweka mikono yake. Akaniambia picha ile ni nzuri. Aliishusha mwenyewe. Sasa nafundisha uchoraji na uraia kwenye shule ya sekondari Geita, na picha imo chumbani kwangu, nimeitoa kwenye fremu na kuikunja, juu ya kabati. Mara mbili tatu nimeiteremsha nikidhamiria kuichoma. Nikiikunjua nasahau nilichokusudia, naanza kuangalia macho. Ni kitu bora kuliko vyote nilivyowahi kufanya kwa mikono yangu. Bado naona hivyo, na sijui mtu anayeona hivyo aombe msamaha kwa maneno gani.

Niliomba hata hivyo. Tulikuwa tumekaa nyuma ya kibanda, tunamenya viazi vya wateja wa mchana, shangazi akiwa ameenda kuchota maji. Nikamwambia bibi kwamba siku ile aliponiuliza habari ya macho ningepaswa kumwelewa. Nikamwambia naamini alijua, na ningetaka kujua kwa nini hakunikataza.

Aliendelea kumenya. Kisha akaniuliza, "Ningekukataza, ungenisikia?"

Nikafikiri kwanza, kwa sababu sikutaka kumdanganya. Nikasema ndiyo, ningemsikia.

"Najua," alisema. "Ndiyo maana sikukukataza."

Akanisogezea beseni nichukue viazi vingine. Wachimbaji walipoanza kufika, alinitambulisha kwao kama anavyofanya kila nikienda, huyu ni mjukuu wangu anayechora, na mmoja wao akataka nimchore pale pale. Nikasema sina karatasi. Bibi alinitazama kidogo, akamwambia yule mtu kwamba nimechoka na safari.

Mwaka huu mvua zimekuwa kubwa mbugani. Juzi baba mdogo alinipigia akasema ukuta wa nyuma wa nyumba ya bibi umelala, nyumba isiyo na mtu ndani haikai, na ameanza kuvua mabati kabla hayajabebwa. Aliniomba mimi nimwambie mama yake, yeye hawezi. Nikapanda gari Jumamosi kwenda Nyarugusu. Nilimwambia bibi akiwa amekaa kwenye kigoda chake, nikamweleza ukuta ulivyoanguka na mabati yalivyohifadhiwa. Alisikiliza, akauliza kama kuna mtu aliumia, nikamwambia hapana. 

"Mlango ule ni wa mninga," alisema. "Babu yako aliutoa Bukombe. Mwambie baba yako mdogo asiuache unyeshewe."

Nikatoa simu, nikampigia hapo hapo, nikamwambia.